Kura 17 kwenye baraghashia

Asubuhi za Julai pale Dodoma zina baridi inayokuja na upepo wa vumbi, na mimi nilikuwa nimekaa kijiweni Majengo nikiwa na koti lilelile nililopandia ndege. Wazee wakanicheka. Mtu wa theluji anatetemeka Dodoma! Muuza kahawa akanimiminia kikombe kutoka kwenye dele, akaniwekea kashata mbili mkononi bila kuuliza, halafu mmoja wa waliokuwa wakicheza drafti akanitupia swali: "Hivi huko rais mnampataje? Maana tunasikia mtu kapata kura nyingi halafu kashindwa."

Alikuwa anamkusudia Hillary Clinton mwaka 2016, au Al Gore mwaka 2000. Hadithi ya wajumbe wa majimbo ni ndefu na kahawa ingepoa, nikaamua niwaeleze kile ninachokijua kwa mikono yangu. Nikaanza, "Kwetu Maine..."

"Kwetu wapi?" akanikata mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu ya drafti.

Watu wakacheka. Nikacheka nao, ila iliniingia. Nina paspoti ya Marekani. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku niliyoapa kule nilivua wa huku, na sasa naingia nyumbani kwa viza kama mtalii wa Serengeti. Niliondoka nikiwa na miaka 17. Nimeshampigia kura rais wa Marekani, wa Tanzania sijawahi hata mara moja.

Basi nikarekebisha: kule Maine, kwenye kura ya rais, hatuweki alama kwa mtu mmoja tukaondoka. Tunapanga. Wa kwanza huyu, akishindikana huyu, naye akishindikana yule.

Novemba 2020 ndiyo mara ya kwanza jimbo lolote la Marekani kutumia kura ya kupanga kwenye uchaguzi mkuu wa rais, na jimbo lenyewe ni hilo la Maine. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee (kubeba boksi kwangu ni huko: kugeuza watu kitandani, kubadilisha mashuka), miguu inauma, nikaingia foleni. Majina yako kushoto: Biden, De La Fuente, Hawkins, Jorgensen, Trump. Kulia kuna safu, chaguo la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea, na katika kila safu unaziba kiduara kimoja kwa kalamu. La kwanza nililiziba haraka. La pili lilinishikilia pale mpaka mama wa nyuma yangu akakohoa. Ni swali ambalo sijawahi kuulizwa na serikali yoyote: ukikosa unachokitaka, utavumilia nini?

Utaratibu wa kuhesabu si mgumu. Kama kuna aliyevuka nusu kwa chaguo la kwanza, kazi imekwisha. Asipokuwepo, wa mwisho anatolewa, na karatasi zake wanagawiwa wale walioandikwa wanaofuata. Mnaendelea kutoa mkiani hadi mmoja avuke nusu. Mwaka ule Biden alipata kama asilimia 53 ya jimbo zima, na Trump naye akavuka nusu kwenye wilaya ya pili ya uchaguzi, ambayo ina mjumbe wake mmoja kati ya wajumbe wanne wa jimbo wanaomchagua rais. Kwa hiyo chaguo la pili nililolitolea jasho halikuguswa na mtu.

Watu wa Maine hawakuamka siku moja wakaipenda. Mwaka 2010 walipata gavana aliyeshinda kwa takriban asilimia 38, kwa sababu wasiomtaka waligawana kura kati ya wagombea wengine. Wakanung'unika miaka, na mwaka 2016 wakaipitisha kura ya kupanga wenyewe kwa kura ya wananchi. Mwaka 2018 ikaonyesha meno: kwenye ubunge wa wilaya ya pili, Bruce Poliquin aliongoza chaguo la kwanza, wagombea wadogo walipotolewa Jared Golden akampita. Ila kinachochekesha ni kwamba uchaguzi mkuu wa gavana mpaka leo hautumii mtindo huo. Katiba ya jimbo inasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi. Dawa ilitafutwa kwa ajili ya mgonjwa huyu, na ni yeye tu asiyeruhusiwa kuinywa.

Nilipofika hapo, baba mdogo, ambaye alikuwa kimya akipuliza kahawa yake, akasema, "Mbona hiyo tuliifanya sisi, hapahapa Chimwaga?"

Mwaka 1995 baba mdogo alikuwa dereva wa basi dogo, kazi yake kuwatoa wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM kwenye nyumba za wageni, kuwapeleka ukumbini na kuwarudisha. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba. Ninachokumbuka ni kwamba hakurudi nyumbani kwa muda aliosema, na mama mdogo akawa anapasha ugali mara mbili. Kumbe wajumbe walikuwa wanapiga kura ya pili ya kumpata mgombea urais wa chama. Walianza na watatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa, Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Mzee Msuya akatoka, wakarudia: Mkapa 686, Kikwete 639.

Baba mdogo hakuwa na namba zote kichwani, alikumbuka tu "mia tatu na ushee za Msuya." Lakini zitazame. Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105. Waliomtaka Kikwete kabla ya wote walikuwa wengi zaidi ukumbini. Waliosema "kama siyo wangu, basi bora huyu" walikuwa wengi zaidi kwa Mkapa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kura ya alama moja inaonyesha la kwanza peke yake. Kupanga ni kuchukua ile raundi ya pili ya Chimwaga na kuikunjia ndani ya karatasi ya raundi ya kwanza, bila kuwalaza wajumbe usiku mwingine kwa bei za nyumba za wageni za Dodoma siku za mkutano.

Ireland walimpata Mary Robinson namna hiyohiyo mwaka 1990. Brian Lenihan aliongoza hesabu ya kwanza kwa asilimia kama 44, mgombea wa tatu akatolewa, na karatasi zake nyingi zikaenda kwa mama. Akawa rais wa kwanza mwanamke wa nchi ile, na hakuna aliyeitwa tena kituoni.

Majirani zetu wa Kenya walionja upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 1992 Moi alibaki Ikulu kwa kura kama asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana zilizobaki. Siku hizi kwao lazima uvuke nusu, tena upate robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Sisi tulikwenda kinyume. Mwaka 1995 sheria ilidai rais avuke nusu, na Mkapa akavuka kwa asilimia 61.8, kisha mwaka 2000 katiba ikabadilishwa: sasa ukiwazidi wenzako tu, inatosha. Nilipolisema hilo kijiweni, wawili walibisha vikali. Baba mdogo akawanyamazisha kwa mkono. "Mwacheni. Katiba hata wa viza anaisoma."

Wakataka kujaribu. Mimi nikapendekeza tuwapange marais. Muuza kahawa akaweka sharti: marehemu tu. "Walio hai wana watu wao," alisema, akaangalia barabarani. Basi wakabaki wanne, Mwalimu Nyerere, Mzee Mwinyi, Mkapa na Magufuli. Kijana wa duka la jirani akachana kurasa za daftari, kalamu ikazunguka, na baraghashia ya mzee wa drafti ikawa sanduku. Tulikuwa 17 pamoja na mimi. Msimamizi mimi, mpiga kura mimi, mhesabu kura mimi. Mwangalizi wa uchaguzi angekimbia.

Majengo ilinifundisha mambo ambayo Maine wanayaandikia maelekezo ya kurasa nzima. Mzee mmoja aliandika Nyerere mara nne, kutoka wa kwanza hadi wa nne, akaniambia amempa zote. Nilimweleza kwamba hiyo ni kura moja tu, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Karatasi nyingine ilikuwa na jina moja, Mwinyi, chini yake weupe. Ilikuwa ya muuza kahawa, hakuficha: "Mzee Ruksa ndiye aliyetuachia tukauza vitu vyetu bila kukimbizana. Hao wengine ni watu wenu."

Chaguo la kwanza: Magufuli 7, Nyerere 5, Mwinyi 4, Mkapa 1. Dodoma hilo halikunishangaza. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973 enzi za Mwalimu, na watu wakasubiri miaka zaidi ya 40 mpaka Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli. Mwaka 2018 mji ukawa jiji. Viwanja walivyouza wazee wengi wa kijiwe kile vilipanda bei katika miaka hiyo.

Ile kura moja ya Mkapa ilikuwa ya baba mdogo. "Nilimsubiri nje mpaka usiku," alisema, kana kwamba ni ndugu aliyekuwa hospitali. Nikamtoa Mkapa, karatasi ikaenda kwa Nyerere: 6. Nikamtoa Mwinyi. Ya muuza kahawa ikaishia hapo, haina pa kwenda, na tatu zilizobaki zote zikaenda kwa Nyerere. Nyerere 9, Magufuli 7. Kijiwe kikalipuka. Wa Magufuli wakasema wameongoza wao tangu mwanzo, mtindo huu ni wa kizungu wa kupokonya watu ushindi. Wa Nyerere, ambao nusu saa nyuma walikuwa hawauelewi, ghafla wakawa walimu wake.

Jioni nilizitandaza zile karatasi kitandani nyumbani kwa baba mdogo, na ndipo nilipoona kilichokuwa kimejificha. Magufuli alikuwa na watu wanaompenda hasa, lakini kati ya karatasi nane zilizojazwa kamili ambazo hazikumweka wa kwanza, sita zilimweka mkiani. Na Mkapa, yule niliyemtoa mapema kuliko wote, alikuwa ameandikwa wa pili kwenye karatasi 11. Kumi na moja! Wa Magufuli watano, wa Mwinyi watatu, wa Nyerere watatu.

Nikaanza kuwashindanisha wawili wawili. Mkapa na Nyerere: waliomweka Mkapa juu ni 9, Nyerere 7. Mkapa na Magufuli: 8 kwa 7. Na Mwinyi ndiyo kabisa. Mtu ambaye karibu wote waliridhika naye, na angemshinda kila mmoja ana kwa ana, alitolewa kabla ya wote kwa sababu hakuwa kipenzi cha mtu, isipokuwa dereva mmoja mstaafu.

Si jambo la Majengo peke yake. Burlington, mji wa Vermont, walichagua meya kwa kura ya kupanga mwaka 2009, na Bob Kiss akashinda ingawa karatasi zilezile zilionyesha Andy Montroll angemshinda yeye na kila mwingine wakipambanishwa wawili. Mwaka uliofuata wananchi wakaufuta mtindo huo. Mimi naona walilaumu karatasi bure. Karatasi ilisema kila kitu, namna ya kuhesabu ndiyo iliyosikia sehemu tu. Ukitaka kupima watu wanapendelea nani, waache wapange, halafu usiishie kwenye kutoa mkiani. Zisome zote mpaka chini.

Asubuhi nilimweleza baba mdogo tukiwa tunakunywa chai. Alinisikiliza, akaniomba nirudie ile ya 9 kwa 7, akaihesabu kwa vidole mezani.

"Kwa hiyo mshindi ni Mkapa?"

"Kwa hesabu ile nyingine, ndiyo, baba mdogo."

Hakumaliza chai. Alivaa kofia, akachukua karatasi zote 17, akatangulia kijiweni, mimi nyuma nikimkimbilia na koti langu. Nilipofika alikuwa ameshasimama katikati, amezikunjua mbele ya drafti, anatangaza.

Mzee aliyempa Nyerere zote nne aliinua uso kutoka kwenye kikombe, akanitazama mimi, siyo baba mdogo.

"Yaani matokeo yamebadilika usiku?"