Viluwiluwi vya rangi nyekundu

Mwisho wa mwaka 2003, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, mjomba alinichukua nimsaidie kazi Lindi mjini. Alikuwa mwandishi wa mabango. Duka hakuwa nalo; mali yake ilikuwa brashi saba ndani ya kopo la maziwa, uzi wa kupigia mistari ya chaki, na baiskeli ya kubebea rangi. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa Agosti ile pale Rufiji. Kila mtu alijua masika yakija mabasi yatakwama vilevile kwenye tope kabla ya Somanga, lakini maneno yalishaenea kwamba sasa wageni watakuja, na mgeni maana yake Kiingereza. Mwenye chumba cha kupangisha alitaka ROOMS, mwenye jokofu alitaka COLD DRINKS. Mjomba aliishia darasa la saba, hivyo Kiingereza chote akaniachia mimi msomi.

Usomi wenyewe ulikuwa wa mashaka. Mwalimu wa Kiingereza tulimpata kidato cha tatu, akahama kabla hatujamaliza. Nilichotoka nacho ni kwamba S ya mwisho ya Kiingereza huwa na kitu kinaning'inia pembeni yake, juu. Nilikuwa nimekiona vitabuni mara nyingi mno, hata S isiyo nacho ikawa machoni pangu kama mtu aliyetoka bila shati.

Tena nilikuwa fundi wa kukichora. Unagusa bati kwa ncha ya brashi, unaikandamiza kidogo ipate kichwa, halafu unaivuta chini kushoto huku unaiinua, mkia unabaki mwembamba kama unywele. Kiluwiluwi kamili. Mjomba alisimamisha kazi yake kunitazama. "Mjomba," akaniambia, maana na yeye aliniita hivyohivyo, "hivi vyako vinaogelea." Baada ya sifa ile nani angenizuia?

Kiswahili sikukipa hata kimoja. Mabucha mawili niliyoyaandikia yalisomeka NYAMA YA NGOMBE na hakuna aliyelalamika.

Ndipo wakaja jamaa watatu wa Ng'apa, wamechanga pesa, wanafungua mgahawa karibu na barabara ya kwendea stendi. Jina walinitajia kwa mdomo tu. Nikapiga mistari, nikapanga herufi kwa chaki, na kesho yake mchana bati lilikuwa juu ya mlango:

NGAPA FRIEND'S RESTAURANT
CHIP'S, SODA'S, JUICE'S

Viluwiluwi vinne, vyekundu kwenye meupe. Nilishuka kwenye ngazi nikarudi nyuma hadi katikati ya barabara ili nivione vizuri.

Mzee mmoja alikuwa amesimama pale na baiskeli yake. Mwalimu mstaafu, Lindi nzima walimwita Mwalimu bila kuongeza jina. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Ngapa ndiyo wapi?" akauliza. Aliitamka G yote, kwa nguvu, kama anayetema mbegu ya ukwaju.

"Ng'apa, Mwalimu. Hapo tu."

"Ng'apa ninapajua. Nimekuuliza hapa palipoandikwa."

Sikuwa na jibu. Akaegemeza baiskeli, akaketi kwenye baraza ya mgahawa, akaagiza kahawa ambayo ilikuwa haijaanza kuuzwa, na akaletewa. Kisha akaniuliza ile alama inaitwaje. Nikasema kwa Kiingereza sina hakika. "Kwa Kiswahili?" Hapo ndipo nilipoona haya. Ritifaa nilifundishwa, nikaijibia mtihani, wala haikunijia kwamba ndiyo hiihii.

Akafungua mdomo, akaweka kidole kwenye pengo la jino la mbele. "Hii ndiyo ritifaa," akasema. "Kitu kilikuwepo, kimeng'oka." Akanikumbusha mashairi: mshairi akizidiwa na mizani anasema 'mekuja badala ya nimekuja, na pale alipoila "ni" anaweka alama. Waingereza nao, akasema, zamani mwenye mali walimpachika es mwishoni mwa jina. Baadaye ile e ikawa haitamkwi tena mdomoni, ikadondoka, na alama wenyewe wakaiazima kwa Wafaransa. "Sasa niambie. Kwenye CHIPS, jino gani limeng'oka?"

"Hakuna, Mwalimu."

"SODA?"

"Hakuna."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba karne ya 18 Waingereza wenyewe walikuwa wakiandika opera's na comma's wakimaanisha wingi tu, kwa kuwa yalikuwa maneno ya kigeni yanayoishia na irabu. Kwa hiyo SODA'S yangu ilichelewa kama miaka mia mbili na ushee. Siku ile sikuwa na utetezi huo.

"Na Ng'apa?" nikamuuliza. "Pale nako kumeng'oka nini?"

Akacheka, pengo likaonekana lote. "Pale hakujang'oka kitu. Pale imewekwa askari, G isigongwe. Kiswahili kimempa kazi nyingine."

Tulipofika kwenye FRIEND'S mambo yakaharibika. Wale jamaa watatu walikuwa wametoka nje kusikiliza. Mwalimu, bila nia mbaya nadhani, akaeleza kwamba alama ikikaa kabla ya S, rafiki ni mmoja, mgahawa ni wake. Marafiki wakiwa wengi inakaa baada ya S.

Kimya. Halafu mdogo wao akamgeukia mkubwa, yule aliyekuja kwetu kuagiza bango. "Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Ulimwambia huyu kijana aandike ni wa kwako."

"Mimi Kiingereza nakijulia wapi?"

"Leseni umeandika jina la nani?"

Wa tatu, ambaye hadi siku ile sikuwahi kusikia sauti yake, akasema na yeye alikuwa na swali kuhusu leseni. Mwalimu akamalizia kahawa, akapanda baiskeli. Mjomba akanitazama mara moja tu, akanipa wembe na kitambaa chenye mafuta ya taa.

Rangi ya mafuta iliyopigwa jana haitoki yote. Nilikwangua mpaka vidole vikachubuka, nikapaka nyeupe juu, nikasubiri, nikapaka tena. Nikaiweka ritifaa nyuma ya S ya FRIENDS. Ya NG'APA ilinitesa zaidi, kwa sababu G na A nilizibananisha. Ikabidi niiandike ndogo na kuipandisha juu kabisa, ikawa kama nzi aliyetua kwenye bega la G. Chini zikabaki CHIPS, SODAS, JUICES, zimeachana kama meno ya mtoto.

Walipatana baada ya Isha, mwenye leseni akilalamika mpaka mwisho. Tukalipwa pungufu, mjomba akanikata mimi.

Wiki ile jioni moja nilipita kunywa chai. Jua lilikuwa linalipiga bati kwa ubavu, na chini ya nyeupe kiluwiluwi cha zamani kilionekana, chekundu hafifu, mahali palepale kabla ya S. FRIENDS ilikuwa na mbili. Yule mkubwa akaniona ninavyokodoa macho, akainama kunimiminia chai.

"Hiyo ya ndani usiiguse," akaninong'oneza. "Hiyo ni yangu."