Pemba kwa Baiskeli: Kijani Kilichopandwa kwa Mikono

Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na ukitoka Chake Chake asubuhi kwa baiskeli huna sababu ya kubishana nao. Migomba, minazi, miembe, mishelisheli, na juu ya vilima mikarafuu imesimama kwa safu. Hizo safu ndizo zilizonikaa kichwani safari nzima. Msitu hauoti kwa safu.

Baiskeli niliikodi mjini, ina gia, na kila siku nimezishukuru gia hizo. Unguja unaweza kukanyaga muda mrefu bila kuinuka kitini. Pemba ni kilima, bonde, kilima tena. Bondeni kuna mpunga na yangeyange weupe wamesimama kwenye maji. Ukianza kupanda, mpunga unaisha na karafuu zinaanza. Wenyeji wanavipanda vilima hivyo hivyo kwa baiskeli zisizo na gia, gunia la makaa au mikungu ya ndizi imefungwa kwa mpira kwenye keria. Kilima kikizidi, wanashuka na kusukuma bila wasiwasi wowote, na hata wakihema salamu haikosi. Nami nikazoea kusalimia kila ninayempita. Safari inakuwa ndefu zaidi, lakini ukipotea kila mtu anakujua tayari.

Nilianza na Pujini, kusini mashariki mwa Chake. Lami inaisha, unaingia kwenye udongo mwekundu kati ya mashamba ya mihogo, kisha unafika mahali ambapo kwa macho ya haraka ungeona kichaka tu. Ni ngome ya karne ya 15 hivi, inayohusishwa na mtawala aliyeitwa Mkame Ndume. Kuta zimebomoka na mizizi imepenya kila ufa. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta humo chumba cha chini ya ardhi, na ukutani mwake umbo la siwa lililochongwa kwenye chokaa. Siwa ni baragumu la enzi, hapulizi mtu wa kawaida. Nilikaa pale muda mrefu nikiiwaza siwa hiyo, imefichwa chini kwenye giza wakati kila mwenye siwa hutaka isikike mbali.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi Pujini si cha siwa. Wanasema Mkame Ndume aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome huku wakijikokota kwa makalio. Nakithamini kisa hiki kuliko kuta zenyewe. Mawe yanamkumbuka mwenye ngome. Kisa kinawakumbuka walioyabeba. Mkame Ndume alitaka aogopwe, na karne tano baadaye jina lake haliwezi kutajwa Pemba bila wale aliowatesa kutajwa pamoja naye.

Siku iliyofuata nilishika njia ya zamani ya kwenda Wete. Ipo mpya, imenyooka, na magari yanakwenda kasi. Ya zamani inapinda na kila kilima na miti imeifunika, na kwa mwendesha baiskeli hakuna cha kulinganisha. Kando yake kuna Kidike, kwenye popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani. Unawasikia kabla hujawaona: wanagombana, wanalalamika, wananing'inia mamia juu ya miti kwa koti lao la rangi ya chungwa. Mabawa yakikunjuliwa yanafika kama mita moja na nusu. Walikuwa wakiwindwa kwa nyama hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikahofiwa kwamba wanakwisha. Waliosaidia kuwaokoa ni wanavijiji wenyewe, walioamua kuacha kuwinda na kuilinda miti wanamolala. Popo hawa hula matunda na kutawanya mbegu, kwa hiyo baadhi ya miti niliyopita chini yake imepandwa na wao.

Mbele ya Kidike harufu ikanipiga. Kilima kilikuwa kirefu, nikashuka kusukuma, na juu yake nikaikuta nyumba yenye majamvi yaliyotandazwa uani, karafuu zimeanikwa, nyingine kahawia iliyoiva kwa jua, nyingine bado na wekundu wa jana. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani na wajukuu wawili, wanachambua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako, jua kali hili. Watoka wapi na baiskeli?"

"Chake, naelekea Wete."

"Haya, vuta pumzi kwanza."

Nikatazama mikono yake. Anashika kishada kwa mkono mmoja, anakisugua kwenye kiganja cha mwingine, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo, vile vijiti vya kishada, yanabaki upande ule. Hatazami. Ncha za vidole zimekuwa nyeusi kwa utomvu. Akaniambia makonyo nayo hayatupwi, yanauzwa, yanakwenda kukamuliwa mafuta kiwandani. Nilijaribu kishada kimoja. Mjukuu mdogo alimaliza vitatu kabla sijamaliza changu.

Nikamuuliza mikarafuu ile ilipandwa na nani. Akanyoosha kidole kuelekea mikubwa ya nyuma: "Ile tuliikuta." Kisha kuelekea midogo ya kando: "Hii nimeipanda mimi na marehemu mume wangu."

Tuliikuta. Karafuu zilifika Zanzibar karne ya 19, na mwaka 1872 kimbunga kilipoifagia mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika na ikawa ndiyo shamba kuu. Waliofyeka vilima hivi na kuchimba mashimo ya miche wengi walikuwa watumwa, hadi utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawanywa eka tatu tatu. Haya yote yamo ndani ya safu moja ya miti kando ya barabara, na hakuna kibao. Pujini kuna kibao. Nadhani shamba la mikarafuu ni urithi sawasawa na ngome, na ningependa watoto wa shule wanaopelekwa kuona magofu wapelekwe pia kuona safu hizo, waambiwe zilivyofika pale.

Nilipofika Ngezi, kaskazini baada ya Konde, ndipo nilipoelewa kilichofyekwa. Barabara inaingia msituni na joto linashuka ghafla. Mivule imepanda juu mno, inabidi usimame ili uione ncha. Chini yake kuna mipapindi, mitende ya Pemba tu, ambayo jamaa zake wengi wako Madagaska. Hakuna safu hapa. Mti umeota ulipoota, mwingine umeuangukia, mzabibu mwitu umeishika yote miwili. Mwongoza wageni alinionyesha tundu analolala bundi wa Pemba, naye hapatikani kwingine, ila mchana hakutoka. Zamani msitu wa namna hii ulifunika sehemu kubwa ya kisiwa. Nimeipenda Ngezi kuliko mahali popote hapa, na bado siwezi kuwalaumu waliobaki na karafuu. Bibi yule amesomesha watoto kwa mikono ile nyeusi.

Ukitoka msituni unatokea Vumawimbi, mchanga mweupe hadi macho yachoke. Mchanga mkavu unameza tairi, kwa hiyo nilisubiri maji yatoke nikaendesha kwenye ule ulioshikana. Kisha nikaendelea hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ambako kisiwa kinaishia.

Kilichobaki ni Ras Mkumbuu, magharibi mwa Chake, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Nimeambiwa baiskeli itanifikisha sehemu tu na mbele nitategemea miguu na maji yalivyo. Mnyororo nimeshaupaka mafuta. Kwa kuwa njia inapita katikati ya mashamba, nitauliza kila nitakayemkuta anachambua: mikubwa ile, mliikuta au mliipanda?