Katikati ipi? Nilivyoiandaa nyumba ya mama kabla ya mafundi wa rangi

Kaka yangu anakaa Nairobi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo sebule yake watoto wanaweza kuchezea mpira. Aliposikia kwamba mwaka huu nimejitosa kuipaka rangi nyumba ya mama huku Langoni, Lamu, alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Mengi nimeyasahau, ila hili lilinikaa kichwani: "Wewe sogeza vitu vyote katikati ya chumba, funika na nailoni, basi. Mafundi watazunguka wenyewe."

Katikati ipi, yakhe?

Aliyelelewa Lamu na akasahau nyumba zetu zilivyo, huyo Nairobi imeshamla. Nyumba ya mama ni ile ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Mti ukiisha, chumba nacho kimeisha. Msana wetu, yaani ukumbi, una mita 2 na nusu na ushee kwa upana, halafu unakwenda urefu kama ushoroba. Hata hivyo nilimtii, maana ndiye mkubwa. Nikaita vijana wawili wa mtaani, tukasukuma katikati samadari, kasha la bibi, viti viwili vya enzi na kabati la nguo. Tulipomaliza nilijaribu kupita kando. Nilipita kimbavumbavu kama kaa, na kitufe cha buibui kikabaki kwenye pembe ya kasha. Ngazi ya fundi haikuweza hata kufunguka. Labda kaka alikuwa na mafundi wanaoning'inia kwenye boriti kama popo.

Tukarudisha vitu. Vijana nikawapa chai na mia mia kadhaa, na hiyo ndiyo pesa ya kwanza kupotea bure. Haikuwa ya mwisho.

Njia iliyofaa aliniambia fundi mwenyewe, mzee wa Mkomani ambaye amepaka chokaa nyumba nyingi kuliko siku nilizosoma shule: kwa nyumba zetu huhami katikati, unahamia mwisho. Vitu vyote vinabanwa upande mmoja wa chumba kile kirefu, fundi anapaka nusu tupu, ikikauka vinahamia kule, anamalizia. Na anza na ndani, chumba cha nyuma kabisa, ndipo uje nje kuelekea kiwandani, yaani uani, usije ukapitisha kasha kwenye kuta mbichi. Mimi hilo la kuanzia ndani nilibishana nalo siku nzima kwa sababu nilitaka wageni waone msana umependeza kwanza. Alikuwa na haki yeye.

Sasa niwasimulie aibu yangu kubwa. Kuna mama jirani, namwita Khala ingawa si wa damu, mtu wa maneno mazuri na ushauri usiokwisha. Alinikuta nimesimama naangalia kuta akaniambia, "Mwanangu, ukuta mtafu haushiki rangi. Uoshe." Nikamuuliza kwa maji gani, maana maji matamu tunanunua kwa mitungi. Akacheka: "Mai ni mai! Kisima si hicho?"

Kisima chetu cha kiwandani kina maji ambayo hata punda akiyaonja anakunja pua. Lakini kuoga tunaoga, vyombo tunaosha, nikaona ukuta una ubora gani kutushinda sisi. Nikafunga leso kichwani, nikachukua brashi, sabuni ya unga na ndoo, nikaanza. Siku mbili nzima! Nilisugua kuanzia juu hadi chini, maji yakichuruzika mpaka sakafuni. Jioni ya pili ukuta uling'aa, umekolea kama mkate wa mofa ulioloweshwa mchuzi. Nikapiga picha nikamtumia kaka, na maneno ya majivuno ambayo sitayarudia hapa.

Asubuhi ya tatu ukuta ulikuwa umeota ndevu.

Sitanii. Unga mweupe, laini, umesimama kama manyoya, kuanzia usawa wa goti hadi kifuani. Niligusa ukanishika kidoleni. Nikauonja (ndiyo, niliuonja, na ningekuwa mtoto mama angenichapa) nikakuta ni chumvi tupu. Pale ambapo miaka ya nyuma kaka huyohuyo alipaka rangi ya plastiki ili "tusiwe tunapaka kila mwaka", rangi ilikuwa imefura mapovu, ukibonyeza inapasuka kama chapati ya maji.

Fundi nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Alikuja baada ya alasiri, akakwaruza kwa ukucha, akanisomesha. Mawe haya yametoka baharini, chumvi imo ndani tangu yalipochongwa. Maji yakiingia ukutani yanaiyeyusha, yanaivuta hadi usoni, yakikauka yanaondoka peke yake na chumvi inabaki. Mimi sikutosheka na chumvi iliyokuwamo, nikaongeza ya kisima. Na rangi ya plastiki huziba, ukuta unakosa pumzi. Unyevu ukitafuta pa kutokea unaisukuma rangi mpaka inabanduka. Chokaa huacha ukuta upumue, ndiyo maana wazee hawakuwa wajinga.

"Niuoshe tena kwa maji matamu?" nikamuuliza.

"Dada, weka ndoo tini," akasema. "Usiuguse."

Dawa ilikuwa ni kungoja na kupangusa kukavu. Madirisha wazi, mlango wa kiwandani wazi, na kila asubuhi nakwenda na brashi laini napangusa zile ndevu, chini nimetandika shuka kuukuu. Ule unga unakusanywa unatupwa nje, usiuache sakafuni maana ukipata unyevu unarudi ulikotoka. Ile rangi ya plastiki iliyofura tuliikwangua yote kwa chuma bapa. Kwa bahati ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi inavuma na mvua hakuna. Ningefanya upuuzi huu wakati wa masika ningekuwa bado napangusa hadi leo. Lakini mafundi hawakunisubiri, walichukua kazi nyingine Shela, nami nikaishi karibu wiki tatu kwenye nyumba iliyopinduliwa, nikilala kiwandani na mbu.

Jikoni ndiko nilikotakiwa kuosha, na ndiko nisikoosha! Kule mama alipiga plasta ya saruji zamani, na mafuta ya kukaangia samaki na mahamri yameganda ukutani mpaka ukipitisha kidole unaacha njia. Pale ni sabuni na maji matamu, kitambaa kikamuliwe sawasawa, halafu kupangusa tena kutoa sabuni. Mtungi mmoja ulitosha.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndizo zilizoniuma moyo zaidi. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, na katika kila kimoja kuna kitu: bakuli za kaure za bibi, birika, vikombe visivyo na wenziwe, chupa ya marashi iliyokwisha kabla sijazaliwa. Mama ana miaka themanini na kitu, macho hayaoni vizuri, lakini anajua kila kitu kinakaa wapi. Ukihamisha bakuli kwa shibiri moja anakuita. Nikaona nipige picha kwa simu. Nilipiga nyingi, na nilipozifungua usiku sikuweza kutofautisha kidaka na kidaka, vyote ni upinde mweupe na kivuli ndani. Mpwa wangu, kijana mwerevu kupita kiasi, akachukua ile kalamu ya wino mzito ya kuandikia makatoni, akaandika namba ndani ya kila kidaka. Nikamsifu! Nikampa na pesa ya aiskrimu.

Fundi alipoziona namba akashika kiuno. Kwanza, alisema, tukishapaka utazisomea wapi? Hilo mimi na mpwa hatukuwa tumeliwaza. Pili, wino ule hauzimiki kwa chokaa, utapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, nao unajitokeza tu. Ikabidi tukwangue namba moja moja kwa ncha ya kisu, polepole, tusimegue nakshi. Asubuhi nzima ilikwenda.

Mwisho nilifanya lililo rahisi kuliko yote. Nikageuza kalenda ya mwaka jana upande wa nyuma, nikauchora ukuta mzima, zidaka kwa safu zake, na ndani ya kila kimoja nikaandika kilichomo. Chombo chenyewe nikakifunga kwa leso na kipande cha karatasi chenye namba ileile. Mama alikaa kitini akinisimamia kama mwalimu wa mtihani. Bakuli za bibi sikuziamini kubaki kwenye nyumba yenye ngazi na mafundi, nikazipeleka kwa Khala zikiwa zimefungwa. Nilimkabidhi na kumsihi asizifungue.

Sasa kufunika. Nailoni nilinunua dukani kwa mita, kama elfu moja hivi au zaidi, na nawaambia wazi: juu ya kabati sawa, sakafuni hapana. Tone la chokaa likianguka kwenye nailoni linakaa pale majimaji, unalikanyaga, unalipeleka chumba cha pili. Na inateleza. Mpwa aliteleza mara mbili kabla mafundi hawajafika. Kitambaa kizito hunywa tone palepale.

Nikamkumbuka Ami, ambaye zamani alikuwa nahodha. Ana tanga kuukuu la jahazi, limekunjwa stoo tangu chombo chake kilipouzwa. Tanga moja! Tulilileta kwa mkokoteni, tukalitandaza, likafunika msana wote kutoka ukuta hadi ukuta, na pembe likapanda ngazini. Hakuna duka litakalokuuzia kitu kama kile. Nilijiona nina akili kuliko Lamu nzima, mpaka jua lilipopanda na tanga likapata joto. Miaka yote ile lilikaa pamoja na debe la sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, na harufu ilikuwa imelala inasubiri. Msana ukanuka kama gati wakati wa kushusha papa. Na paka wa Lamu, nyinyi mnawajua. Saa sita nilihesabu kumi na mmoja, wamejinyoosha juu ya tanga kama wameitwa karamu, mmoja ana wana. Tulilipandisha darini juu likapigwa jua siku tatu, tukalinyunyizia majivu, harufu ikapungua. Haikuisha. Paka wakapungua pia wakabaki wanne, tukazoeana.

Mambo mengine ni madogo na kila mtu anayajua: misumari, mapazia, kuzima swichi kuu kabla ya kufungua vifuniko vya swichi. Samadari nalo lifunguliwe, ila zile hesi zake uzifunge kwenye kitambaa na kitambaa ukifunge kwenye mguu wa kitanda chenyewe. Mimi niliziweka "mahali salama" na mpaka leo tunalala kwa hesi tatu mpya.

Lakini mawili siyaachi. Vioo vya dirisha la juu havihitaji kununuliwa ile gundi ya karatasi ambayo mpwa wangu anaiita "maskini tepu" na ambayo kwa bei yake maskini haipati. Lowesha gazeti kwa maji ya sabuni, libandike kwenye kioo, linashika lenyewe, na kazi ikiisha linavuliwa kama ganda la ndizi. Likikauka katikati ya kazi unalipuliza maji tena. La pili, bawaba na kitasa vipake vaselini nyembamba, rangi ikirukia unaifuta kwa kidole. Ila angalia mkono wako usiguse ukuta wala mbao inayopakwa, maana penye mafuta rangi haishiki. Nina alama ya kiganja changu karibu na mlango wa ndani, imekataa rangi, na kila mgeni ananiuliza.

Upande wa nje sikuugusa. Kwa nyumba za Mji wa Kale, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukitaka kubadili chochote cha nje kapige hodi kwanza kwa watu wa Makumbusho.

Basi, mafundi wakaja Jumamosi asubuhi, watatu. Mzee akazunguka vyumba vyote mikono nyuma. Akaangalia ukuta uliokauka, zidaka tupu, tanga, paka. Akatikisa kichwa akasema, "Dada, wengine hutuachia hata chungu motoni. Hapa tumekuta kazi imeandaliwa." Nilijikaza nisicheke kwa furaha.

Halafu akauliza kama kuna chai.

Chai ipo, sukari ipo. Vikombe vyote, hata vile vya plastiki, vilikuwa kwenye boksi la chini kabisa, chini ya maboksi mengine sita, nyuma ya kabati, chini ya nailoni. Nikamtuma mpwa mbio kwa Khala: atutengenezee chai, atuletee na vyombo vya kunywea.

Khala hana choyo. Ilikuja birika inayotoa moshi, sinia ya mahamri, na chai ikamiminwa kwenye bakuli tatu za kaure za bibi. Mafundi wakaketi juu ya tanga wakanywa, na mama akiwa kitini akageuza kichwa akisikiliza. "Hizo," akasema, "ni za kidaka cha tatu, safu ya pili."