Saa kwa saa kwenye jengo la moshi: siku ya kutengeneza chai ya Tongmu

Tongmu ni kijiji cha milima ya Wuyi, mkoani Fujian, kusini-mashariki mwa China. Ndiko inakotoka Zhengshan Xiaozhong, chai ya moshi ambayo sokoni nje ya China huitwa Lapsang Souchong, na wengi huihesabu kuwa chai nyeusi ya kwanza duniani. Tuchukue siku moja ya mwanzoni mwa Mei, mchumo wa kwanza umepamba moto.

Saa 1 asubuhi. Umande ukishapungua, wachumaji huingia shambani. Huchumwa chipukizi pamoja na majani mawili au matatu yaliyofunguka, kwa kuwa jani lililokomaa kidogo hutoa utamu na hustahimili moto. Chipukizi tupu huenda kwenye Jin Jun Mei, chai iliyobuniwa hapohapo mwaka 2005, ambayo haipigwi moshi na bei yake haishikiki.

Saa 5. Majani yamefika kwenye jengo la mbao la ghorofa. Orofa za juu hazina sakafu. Ni boriti zilizotandikwa mikeka ya mianzi, na chini huwaka kuni za msonobari. Mei huku ni mvua na ukungu, jua halitegemeki, kwa hiyo majani hunyaushwa ndani. Madirisha hufungwa, na joto likifika nyuzi 28 hadi 30, majani hutandazwa kwa unene wa kama sentimita 10. Hugeuzwa kila baada ya dakika 10 hadi 20, tena kwa mkono mwepesi: jani likichubuka sasa litakuwa jekundu kingoni kabla ya wakati wake. Ukikunja kijiti cha jani kikapinda bila kukatika, yako tayari. Yakikauka kupita kiasi yatavunjika kwenye mashine. Yakiwa mabichi, maji yake yatachuruzika na chai itanuka nyasi.

Saa 8 mchana. Kusokota. Mashine huanza bila kukandamiza, kisha uzito huongezwa kidogo kidogo, mpaka jani lijiviringe na utomvu ulowanishe vidole.

Saa 9 na nusu. Hapa ndipo chai inapopatikana au kuharibika. Majani hujazwa kwenye matenga kwa kina cha sentimita 30 hadi 40, katikati huachwa shimo la kupitisha hewa, na juu hufunikwa kitambaa chenye maji. Huvundikwa, yaani huachwa hewa iyabadili rangi na harufu, kwa saa tano au sita. Wanaojua chai ya CTC (ya kusaga, kurarua na kuviringisha kwa mashine) ya Kericho wataona huu ni muda mrefu. Ile hukatwakatwa vipande vidogo, utomvu wake hukutana na hewa mara moja, na kwa kawaida haimalizi saa mbili. Jani la Tongmu limesokotwa tu, halikusagwa. Shimo likiziba, katikati ya tenga hupata joto bila hewa na chai huchachuka kweli, kwa maana mbaya ya neno. Husubiriwa mpaka kama asilimia 80 ya majani yawe na rangi ya shaba na harufu ya ubichi iondoke.

Saa 3 usiku. Karai la chuma lenye joto la nyuzi 200 hivi. Hutiwa kilo moja na nusu hadi mbili kwa mara moja, hukorogwa kwa mikono haraka, dakika mbili au tatu, basi. Moto huu husimamisha uvundikaji papo hapo. Ukizubaa, majani huungua kingo; ukitoa mapema, uvundikaji unaendelea na chai inapooza. Viwanda vingi vimeiacha hatua hii kwa sababu inachosha na inahitaji mtu mzoefu, na ladha inaonyesha. Kisha husokotwa tena dakika tano au sita, maana karai limeyafungua.

Saa 4 usiku mpaka alfajiri. Majani hutandazwa kwenye nyungo kubwa, kilo mbili hivi kila moja, zikapangwa juu ya moto. Mwanzoni moto huwa mkali ili maji yatoke. Baadaye hupunguzwa na kuni mbichi kidogo huongezwa ili moshi uwe mzito. Hukaa saa 8 hadi 12 bila kugeuzwa. Moto ukizidi, nje hukauka na ndani hubaki unyevu, ukungu utaota gunia likifungwa. Msonobari haukatwi tena ndani ya hifadhi ya mazingira ya Wuyi, kilipo kijiji, hununuliwa nje. Moshi huohuo umezuia chai nyingi kuingia Ulaya, ambako kikomo cha anthrakwinoni, kemikali inayotokana na moshi, ni miligramu 0.02 kwa kilo ya chai.

Saa 3 asubuhi, siku ya pili. Kuonja: gramu 3, mililita 150 za maji yanayochemka, dakika 5. Kinachotafutwa ni utamu wa longani iliyokaushwa, tunda la ukoo mmoja na shokishoki, na moshi ukifuata nyuma. Ikinukia nyama ya kubanika tu, huenda ni majani duni ya mahali pengine yaliyofukizwa kuficha udhaifu. Nyumbani, gramu 2 au 3 kwa kikombe cha mililita 250, dakika 3, zinatosha. Ile yenye moshi mkali hupokea maziwa vizuri. Iweke mbali na chai nyingine, la sivyo kabati zima litanuka msonobari.