Mfuko wa Korodani na Usiku Mmoja wa Julai

Baridi ya Julai inaposhuka Moshi kutoka mlimani, mwanamume anayeoga kwa maji ya ndoo huona pumbu limejikunja na kukaza, na joto la Februari linaporudi huliona limelegea. Nililiona jambo hilo tangu utotoni bila kujiuliza sababu yake, hadi Julai ya mwaka juzi, nilipoamshwa saa nane usiku na maumivu makali ya korodani ya kushoto. Kwa haya, nilimwambia mke wangu kwamba ni tumbo. Jirani yetu, mzee ninayemheshimu kama baba, alisema ni ngiri, akaanza kuchemsha mizizi. Kama mke wangu asingeshikilia twende hospitali, ningeinywa dawa hiyo na kungoja kupambazuke.

Daktari wa zamu alinipitisha kidole taratibu upande wa ndani wa paja, huku akitazama. Kwa kawaida korodani ya upande huo hupanda papo hapo, kwa kuwa msuli wa kremasta huivuta, yangu haikusogea. Alisema imejisokota kwenye kamba yake na damu haipiti, na kwamba ikifunguliwa ndani ya saa 6 mara nyingi huokolewa, ila kila saa inayozidi hapo hupunguza tumaini.

Nilipopata nafuu nilimuuliza mengi, naye hakuchoka kunieleza. Mbegu za kiume hazikomai vizuri katika joto la mwili la nyuzi 37. Huhitaji nyuzi 2 hadi 4 pungufu, ndiyo maana korodani, ambazo huumbika ndani ya tumbo la mtoto karibu na figo, hushuka kwenye mfuko ulio nje, aghalabu kabla hajazaliwa. Ngozi ya mfuko huo ni nyembamba, ina tezi nyingi za jasho na haina mafuta chini yake. Msuli wa dartosi huikunja wakati wa baridi, na kremasta huzisogeza korodani karibu na mwili. Kilichonistaajabisha zaidi ni mishipa: vena, yaani mishipa inayorudisha damu, huizunguka ateri, ule unaoileta, kama mitambaazi, hivyo damu ya moto inayoshuka hupozwa na ile inayopanda. Kwamba ya kushoto huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia kwa wanaume wengi, hilo si ugonjwa.

Yangu haikuwa imeshikizwa vizuri kwenye ukuta wa mfuko, ikawa inacheza kama ulimi wa kengele. Ilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ikiwa ya zambarau, wakaifunika kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi rangi ikaanza kurudi, kisha wakazishona zote mbili zisije zikazunguka tena, kwa sababu kasoro hiyo mara nyingi huwa pande zote.

Mzee alipokuja kunijulia hali jioni, nilimtajia kiungo kwa jina lake. Alikaa kimya, kisha akanisimulia habari za mdogo wake, aliyeondolewa korodani moja akiwa kijana baada ya siku mbili za kunywa mizizi.