Nyanya na matawi

Jumapili mama mdogo alikuwa jikoni kwangu anakata nyanya za mchuzi. Mbili zilikuwa zimeiva kupita kiasi, akaziminya kwa mkono ziingie sufuriani, na harufu ile ikanirudisha barabara ya Iringa, gizani. Nikatoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu.

Tulikuwa tunatoka msibani Mtera. Fufu tumeshaipita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Noah imejaa, mama mdogo kakaa upande wa kushoto. Lori la nyanya liliharibika likaachwa palepale lilipozimikia, nusu kwenye lami, bila taa hata moja. Dereva wetu alikanyaga breki na kukata kulia. Haikutosha. Ubavu wetu wa kushoto ukakwanguliwa na kona ya nyuma ya lori, matenga yakamwagika.

Mimi sikuumia. Tulimtoa mama mdogo tukamlaza kwenye khanga kando ya barabara, mguu umekaa vibaya, abiria mmoja aliyejua kidogo huduma ya kwanza akaushikilia. Halafu nikafanya kile ambacho miaka ya ukarani kwa wakili imenizoesha. Nikatoa simu.

Picha ya kwanza nilirudi nyuma hatua kama 50 nikaipiga kuelekea lori, barabara yote ionekane: hakuna pembetatu, hakuna tawi la kuonya kuwa mbele kuna gari bovu. Hiyo ndiyo watu huisahau, wanakimbilia bati lililobonyea. Bati halikimbii, gari litavutwa na kukaguliwa. Kinachokimbia ni barabara. Ya pili niliipiga kwa karibu, kwa mwanga wa simu, kwenye nyuma ya lori: turubai limening'inia, rifrekta zimejaa vumbi, hazikurudisha mwanga wowote. Nikapiga namba ya gari na stika ya bima. (Lingekuwa na tela ningepiga na namba ya tela, maana tela lina usajili wake.) Alama za breki zetu nilizipima kwa miguu, hatua 14, nikaweka ndala yangu pembeni ya alama ili atakayeiona picha apate kipimo. Watu walishaanza kufika na ndoo kuokota nyanya, wanakanyaga, rojo linatapakaa. Nusu saa baadaye alama zile ungezitafuta usizione.

Ndipo nikasikia panga. Utingo alikuwa kwenye mgunga kando ya barabara anakata matawi. Alikata moja, akalikanyaga, akalivuta. Miiba ilikuwa inakwaruza lami kwa sauti kavu ambayo mpaka leo naijua. Alipita karibu yangu bila kunitazama usoni, akasema "Poleni, kaka," akaendelea kuhesabu hatua. Anahesabu kabisa! Tawi la kwanza akaliweka, akarudi kukata la pili. Alipokuja nalo nikampiga picha: yeye, tawi mkononi, na mbele yake Noah yetu imeshapasuka.

Hiyo ndiyo picha ya mwisho.

Trafiki walifika jua limechomoza. Matawi yamejipanga kana kwamba yalilala hapo, na kwenye ramani ya ajali yakachorwa. Sikubishana. Niliomba picha zangu zitajwe kwenye maelezo yangu, nikayasoma yote kabla ya kusaini.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa kazi yetu. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, niliitoa kopi kabla ya kuirudisha polisi. Daktari alikuwa ameandika mguu tu. Siku ya tatu bega likaanza kuuma, tukarudi liandikwe, maana jeraha lisiloandikwa mapema utaambiwa umelipata shambani. Gauni lenye damu tulilikausha kivulini tukalitia kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni inafuga unyevu na ukungu. Waokota nyanya wawili walikubali kuwa mashahidi. Nilichukua majina, kijiji na jina la mwenyekiti wa kitongoji, si namba za simu peke yake. Laini huku kwetu hufa haraka kuliko kesi. Na simu yenyewe sikuifuta kitu, kwa kuwa picha ikishapita WhatsApp inapoteza saa na mahali ilipopigwa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mahakama iangalie kumbukumbu hiyo ilitunzwaje. Madai ya aina hii yana miaka 3 kufunguliwa. Watu huona ni mingi.

Bima walipoona picha ya kwanza na ya mwisho pamoja na saa zake, habari ya matawi ikaisha, wakakubali kulipa.

Wakaomba risiti za matibabu. Nikazitoa. Nilizitia zote kwenye mfuko wa nailoni, nikaziweka kwenye kiboksi cha dashibodi, gari likikaa juani, Dodoma hii, miezi minane. Karatasi za mashine ya risiti huiva kwa joto. Zilikuwa nyeupe pee, nyingine rangi ya chai. Mimi, ninayewaambia wateja kila wiki watoe kopi siku hiyohiyo. Hospitali ilitutolea baadhi upya. Za maduka ya dawa na za magari ya kukodi zikapotea mazima.

Mama mdogo hilo hanidai. Anachonidai ni kingine. Jumapili, nilipoingia tena ndani, alisema bila kugeuka, "Siku ile nilikuita, baba. Ulikuwa unapiga picha." Nikamwambia nilikuwa nakusanya ushahidi. Akasema sawa, akaomba chumvi.

Picha ya mwisho imo kwenye faili ofisini, yeye hajawahi kuiona. Ukiikuza kona ya chini kushoto kuna khanga, na juu ya khanga kuna mkono umenyooshwa kuelekea kamera.