Gitaa la Mjomba, na stesheni niliyokuwa nikiipita

Mwaka wa sita huu napanda treni ya alfajiri kutoka Erlangen, Ujerumani, kwenda kazini Forchheim. Stesheni ya kwanza njiani ni Bubenreuth. Milango hufunguka, baridi huingia, wawili watatu hupanda na usingizi wao, milango hufungwa. Macho yangu hayatoki kwenye simu. Ungeniambia kwamba hapo ndipo lilipozaliwa gitaa lililokuwa juu ya kabati la Mjomba, mtaani Kibokoni, Mombasa, tangu sijaota meno, ningekucheka.

Nilikwenda nyumbani Agosti. Jioni ya pili Mjomba akaniita.

"Ndoo, mwanangu. Kuna kijana ataka kulinunua hili, elfu kumi na tano. Nami sijui nauza nini."

Akalitoa kwenye mfuko ulioshonwa kwa leso kuukuu. Kichwani halina jina, ni matundu mawili tu ya misumari. Rangi ilikuwa nyekundu, sasa imekuwa ya achari ya embe iliyokaa sana. Lina pikapu tatu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi (mkaza mjomba, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliuliza gari tatu zimeingiaje humo). Nyuzi zimeshikwa chini na kipande cha shaba ya njano kilichotobolewa maua, kama njumu za kasha la bibi harusi. Na kando ya kitufe cha sauti kuna kijiti cha chuma chenye springi, kinachofikiwa na kidole cha mwisho.

Nyumbani kwetu kila mtu alijua mambo matatu kuhusu gitaa hili. Shaba ile ilitoka nayo Ulaya. Kijiti kile kilitiwa na fundi wa redio wa Mwembe Tayari. Na Mjomba alilipiga usiku wa Uhuru, Desemba 12, 1963, mpaka watu wakapanda juu ya viti. Hilo la tatu husimuliwa zaidi na mkaza mjomba, na kila akisimulia huongeza kiti.

Nilituma picha kwa duka moja huku Ujerumani. Jibu likaja siku hiyo hiyo: la Kijapani, euro 80, na hicho kidude cha chuma ni kazi ya fundi wa mtaani, kinashusha bei. Niliudhika kwa ajili ya Mwembe Tayari nzima. Nikaazima bisibisi.

Nilichotafuta kwanza ni namba za chini ya vitufe. Magitaa mengi ya Kimarekani ya zamani yana namba ndefu iliyogongwa kwenye kile kikopo cha kitufe: tarakimu tatu za kwanza ni za kiwanda kilichotengeneza kitufe, 137 ni CTS, 304 ni Stackpole, halafu mwaka, halafu wiki. Ukikuta 1376612 basi kitufe ni cha CTS, wiki ya 12 ya mwaka 1966. Hata hivyo haikwambii gitaa lilikamilika lini, yakwambia tu kwamba haliwezi kuwa la kabla ya hapo, maana vitufe hukaa ghalani. La Mjomba halikuwa na namba ya namna hiyo hata moja. Lilikuwa na karatasi za fedha za pakiti za sigara, zimebandikwa pande zote za shimo kama ukuta ulioezekwa mabati. Hiyo ndiyo kazi ya fundi wetu, kuzuia mngurumo wa umeme, na mpaka leo yafanya kazi.

Risasi aliyochomelea fundi ilikuwa bado yang'aa, nayo iko kwenye waya tatu tu. Waya za kijiti zilikuwa na risasi ya kijivu, imefifia sawasawa na ya kiwandani. Tundu la kijiti ndilo lililonimaliza: rangi nyekundu imeteremka mpaka ndani ya ukingo wake. Tundu lilitobolewa kabla ya kupakwa rangi. Fundi hakukitia kijiti kile. Kilikuja nacho.

Nikafungua shaba. Chini yake rangi ilikuwa mbichi, nyekundu kama siku ya kwanza, lakini kwa umbo la kitu kingine kabisa, kipana zaidi, na matundu manne yaliyozibwa kwa nta. Chuma cha awali kililiwa na kutu, jambo la kawaida kwa chochote cha chuma kinachoishi mita mia mbili kutoka baharini, na mtu wa Mombasa akakata shaba, ambayo haishiki kutu, akaitoboa maua kwa kuwa hakuona sababu ya kutoitoboa.

Shingo ndiyo iliyonipeleka Ujerumani. Si mti mmoja. Ni mbao nyembamba nyingi zilizogandishwa pamoja, na ukiigeuza waona mistari myeupe na ya kahawia kama pindo la kikoi. Pale juu, mbele kabisa ya kidaraja cha kichwani, kuna ufito wa ziada, wa chuma kama zile fito nyingine zinazokatiza shingo, ambao nyuzi zaulalia kabla ya kufika ufito wa kwanza. Magitaa mengi ya Kijerumani ya wakati ule yana ufito huo. Nyuma ya kichwa palikuwa na uchafu mgumu, nami nimeshalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa nilipoguswa begani.

"Usisugue," mkaza mjomba akasema. "Hapo pana maandishi. Huyapangusa kila Idi kwa kitambaa kikavu."

Nililaza tochi ya simu ubavuni, mwanga ukapita juu juu, namba ikajitokeza kwa vivuli: tarakimu tano, kisha 65 C.

Framus. Kampuni aliyoianzisha Fred Wilfer mwaka 1946, ikaja kuwa na kiwanda Bubenreuth. Kijiji hicho kilipokea mafundi wa fidla na magitaa waliofukuzwa Schönbach baada ya vita, mji ambao sasa uko Cheki na waitwa Luby. Shingo za mbao nyingi zilikuwa alama yao. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka na herufi ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba. Na kijiti chenye springi walikitia wenyewe kwenye baadhi ya magitaa, ili lilie kama ogani: unapiga uzi sauti ikiwa imefungwa, kidole cha mwisho kinaifungua, mlio unachomoza bila kusikika kidole kilipogusa. Mjomba alikitumia kwenye taarabu kuigiza akodiani. Hakuna aliyeshangaa. Mji uliopokea taishokoto, ala ya nyuzi ya Kijapani yenye vitufe kama taipureta, ungeshangazwa na nini?

Niliporudi, Jumamosi moja nilishuka Bubenreuth. Nilimkuta mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani, nikamwonyesha video ya Mjomba akipiga. Hakusema kitu. Aliiangalia mpaka katikati, kisha kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kikaanza kujikunja na kukunjuka hewani, sambamba na cha Mjomba, ambacho kimepinda kwa kazi hiyo hiyo. Kuhusu shaba aliniambia wakusanyaji wataikataa, wanataka kila skrubu iwe ya siku ya kwanza. Kisha akaniomba nimkuzie picha ya yale maua.

Ikabaki hesabu moja, nayo nilikaa nayo wiki nzima. Machi 1965 ni mwaka na miezi mitatu baada ya Uhuru. Nikampigia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Yasemaje hiyo namba?"

Nikamweleza kiwanda, treni yangu, kijiti. Alicheka sana kwa habari ya treni. Kisha nikamtajia mwezi na mwaka. Kimya. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini, huko nyuma yake, na mlango ukifungwa taratibu.

"Wamuona mkaza mjombako," akasema kwa sauti ya chini, "yule alikubali posa yangu kwa sababu ya usiku ule."

"Kwa hivyo hukupiga?"

"Nilibeba spika. Sasa sikiza. Kijana nimemwambia haliuzwi. Ukija, niletee nyuzi, zile nyembamba. Na hiyo namba, iache huko huko kwenye treni."